Katambuga za Kwenda Shule

Baba yangu alikuwa mtu wa bei. Hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu bila yeye kukitoa kasoro kwanza. Akinunua chumvi, alisema ina mchanga. Akinunua mbuzi, alimkagua meno mpaka mwenye mbuzi akaona aibu. Mama alikuwa akitutania kwamba hata siku ya posa baba alikuja akatazama ukuta wa tembe ya kwao kuona umepasuka wapi, ili apunguziwe mahari. Nami nimerithi tabia hiyo. Wanangu wananisema kwa ajili yake, na sioni haya.

Nilipokuwa msichana mdogo, kazi ya mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu kule Kongwa ilikuwa inakufa. Wenyewe walikuwa wakifungasha, matrekta yamesimama porini, na tairi kuukuu zimelala kila mahali. Mafundi wakaja kuzikata na kuzitengeneza katambuga. Sisi tuliozoea viatu vya ngozi ya ng'ombe, vinavyolegea vikilowa na kukakamaa vikikauka, tukajikuta ghafla tuna viatu vya kuchagua, na kila mtu akageuka mjuzi. Vijana walibishana juu ya tairi za lori na za trekta kama wanavyobishana juu ya madume ya ng'ombe. Hata njia zilisomeka: ukienda kisimani asubuhi, alama za mchangani zilikuambia nani amekutangulia na kama alikuwa na haraka.

Kiangazi hicho mwalimu wa misheni alileta barua. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, mwendo wa siku mbili na zaidi kutoka kwetu, ng'ambo ya mbuga kubwa ya udongo mweusi. Barua ilisema niripoti Jumatatu kabla ya adhuhuri, mwezi wa kwanza, wakati wa mvua. Atakayechelewa, nafasi yake angepewa msichana mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameshapatikana. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini uwezo wa baba ulikuwa wa kusomesha mtoto mmoja tu, nami nilikuwa na kaka. Baba mkubwa alisema hadharani, kwenye pombe ya mavuno, kwamba mdogo wake amechanganyikiwa, anamwacha wa kiume nyumbani na kumpeleka shule binti ambaye kesho ataolewa. Baba alikunywa akamaliza kibuyu chake.

Basi tukaenda Kongwa kutafuta viatu vya safari. Fundi alikuwa mzee wa Kinyamwezi, ameketi chini ya turubai, kisu chake kimelika kwa kunolewa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza swali ambalo baba hakulipenda. Hakuuliza tumekuja na nini cha kulipia. Aliuliza tunapita wapi. Baba akamweleza: mchanga wa makorongo, kisha vilima vya mawe, mwisho mbuga. Akauliza tena, lini? Mwezi wa kwanza.

Mzee akazisogeza pembeni zile katambuga mpya zenye matuta makubwa ya mpira, ambayo mafundi huyaita kashata, akatuwekea mbele tairi lililolika mpaka likawa laini kama kiganja.

"Kwenye miiba, vaa nene. Kwenye mawe, vaa yenye kashata, itashika," alisema. "Lakini mbuga ikinyeshewa haitaki meno, ndugu yangu. Inataka kipara."

Sasa zile za kipara ndizo zilizokuwa za bei ndogo. Mtu mwingine angeshukuru. Baba akashtuka. Tangu azaliwe hajawahi kuona muuzaji anayemsukuma mteja kwenye kitu rahisi, na aliamini hapo pana jambo. Aliniambia baadaye kwamba mzee yule alitaka kutuuzia mbuzi kwenye gunia, amalize takataka zake kabla mvua hazijaanza. Akaanza kazi yake. Alizitoa kasoro zile za kashata, akanyanyuka kuondoka mara tatu, akarudi mara tatu, mpaka jua lilipogeuka akawa amepata jozi mbili za kashata, yake na yangu, kwa jogoo mmoja na kibuyu cha asali. Fundi alicheka, akasema biashara haigombi, akanisimamisha juu ya mpira kuchora mguu wangu.

Nisimsingizie baba peke yake. Mimi nilizipenda mno. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuka nyuma kutazama alama zangu, zimekatika vizuri mchangani kama chale. Mama alizipokea, akazipindua, akaingiza kidole katikati ya kashata.

"Huku patakaa udongo," akasema.

Baba akamjibu kwamba yeye hajawahi kuvaa tairi. Mama akarudi kwenye uji wake.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Kwenye makorongo zilikwenda vizuri, kwenye mawe zilishika kama kucha, na baba akawa ananiuliza kila baada ya kitambo kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Jumamosi usiku tulilala kwa shangazi, na Jumapili mvua ikanyesha mchana kutwa, ikatufungia ndani. Jumatatu kabla ya jogoo wa pili tulikuwa njiani, na kulipopambazuka tukaingia mbugani.

Asiyeujua udongo mweusi wa mbuga haelewi. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa haukuachi. Hatua ya kwanza uliingia katikati ya kashata, ya pili ukajishika na ule wa kwanza, na kufika ya kumi nilikuwa nabeba shamba zima kwa kila mguu. Tulikwangua kwa vijiti. Tukatembea kidogo, tukakwangua tena. Jua likapanda, na ng'ambo niliona mabati ya shule yaking'aa, karibu kwa macho, mbali kwa miguu. Nikavua, nikaenda pekupeku. Hatua chache tu, mwiba wa mgunga ulioletwa na maji ukanizama unyayoni, nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia fundi kwa kuwa alisema kweli. Nilimkasirikia baba zaidi, na nilitaka ajue.

Baba aliutoa mwiba kwa meno. Akatazama jua, akatazama mabati, kisha akaketi juu ya kichuguu, akachukua katambuga zangu na kuchomoa kisu. Akaanza kukata kashata. Alikata moja baada ya nyingine, vipande vya mpira vinaangukia topeni, zile kashata alizozipigania mpaka jua likageuka. Hasira ikanitoka na mahali pake pakaingia aibu. Alipomaliza zilikuwa mbaya, zenye makovu, nyembamba kisiginoni. Akanivalisha mwenyewe, akakaza kanda.

Zikaachia tope. Hazikuachia lote, lakini niliweza kutembea. Nikamwambia akate na zake. Akasema kisu kimekuwa butu na jua halingoji.

"Tangulia," akasema. "Usigeuke nyuma."

Nilikwenda nikichechemea, kisha nikakimbia. Niligeuka mara moja tu, nikamwona amesimama katikati ya weusi ule, anakwangua kwa kijiti, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Nilifika mlangoni pa ofisi ya shule kivuli changu kiko chini ya miguu. Mwalimu wa hapo alikuwa ameshika kalamu, na kwenye benchi walikaa msichana na mama yake, wamevaa nguo safi, wanangoja. Mwalimu akatazama tope langu, akanitazama usoni, akauliza nimekuja na nani. Nikasema na baba, yuko nyuma. Akaniandika. Yule msichana akainamisha kichwa, na mpaka leo nikimkumbuka naumia kidogo, ingawa nafasi ilikuwa yangu.

Baba alifika alasiri. Alisimama nje ya uzio, tope mpaka magotini, hakutaka kuingia akachafua ua uliofagiliwa. Nikamkimbilia. Aliuliza neno moja tu, kama wameandika. Nikasema wameandika. Akaitikia kwa kichwa polepole, nami nikangoja aanze kumlaumu mzee wa Kongwa, maana ndivyo alivyokuwa siku zote, kitu kikiharibika kosa ni la muuzaji.

"Katambuga nilikosea kuchagua, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Wewe sikukosea."

Kengele ya chakula ikalia. Akaniambia niwahi.