Skrini Isiyohesabu Mbuzi

Faili yangu ya kwanza ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ilinitia wazimu wa raha. Nilikuwa mkaguzi mpya, na kazi yangu ilikuwa kuamua kama programu ya simu ya wafugaji ni uvumbuzi, au ni jambo dhahiri ambalo mfugaji yeyote angeliwaza. Skrini yake haikuwa na tarakimu hata moja. Kila mbuzi alionekana kwa rangi zake, na aliyepotea aliacha pengo. Nikasema moyoni, aliyebuni hii ni kichwa kweli. Nikaandika rasimu ya kumkubalia madai yote, yaani kila jambo aliloomba kumiliki, nikarudi Kitengela nikipiga mluzi.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kimaasai, na boma lake liko nyuma ya vyumba anavyotupangisha. Jioni hiyo mbuzi wake walikuwa wakiingia. Mimi mtu wa Kakamega, kwa kutaka kusaidia, nikaanza kuwahesabu kwa sauti, kidole mbele. Akanishika kidole.

“Wacha. Mbuzi haihesabiwi, unaitia mkosi.”

“Sasa utajuaje kama ziko zote, mama?”

“Naangalia tu.” Akaangalia kidogo. “Ile nyekundu iko na doa kwa paji haijakuja.”

Pengo lile lile, bila simu, bila chaji. Nilicheka hadi nikaketi kwenye samadi. Kisha aibu ikanishika: kesho yake ningempa mtu mwingine haki ya kumiliki macho ya mama huyu. Ombi lilikuwa limeshatangazwa hadharani, kwa hivyo nikamwonyesha mchoro.

“Hii ni boma,” akasema. “Nani hajui hii?”

Nikafungua dai la mwisho, nikamsomea. Ukigusa pengo, kengele iliyo shingoni mwa mbuzi aliyepotea inalia huko huko aliko.

Akaniambia nirudie.

“Hiyo sijawahi fikiria,” akasema polepole.

Tukatoka kumtafuta yule mwekundu, mimi nikirukaruka vichakani kama ndama.

Asubuhi nilichana rasimu. Dai la skrini nikalikataa, la kengele nikalikubali. Mkubwa wangu akauliza nimejuaje kwamba la pili si dhahiri. Nikamwambia nilizunguka na mtaalamu mbuga nzima tukitafuta mbuzi mmoja, na kila kichaka tulichopita aliniuliza ile kengele inauzwa wapi.