Simba Mwenye Ukoga

Fundi cherehani waliyembandika jina la Babu Kutu hakuwa babu, na shaba zake hazikuwa na kutu. Lakini jina la utani ni kama kupe: likishaganda, limeganda. Miaka tisa alikusanya mapambo ya kale ya Kichina ya shaba, matano kwa jumla, yote kijani kama chura, yamejipanga kwenye rafu ya sebuleni ambayo mkewe aliitaka kwa vitambaa vyake vya kushonea.

Mke alishatoa hukumu. Ijumaa anakuja mtaalamu wa makumbusho. Kitakachokuwa cha kale kweli kitabaki. Vyote vikiwa feki, vinahama, na mwenyewe akipenda avifuate.

Alhamisi, akienda kazini, fundi alimwonyesha mama mkwe wake chetezo chenye simba kwenye mfuniko, kinywa wazi cha kutolea moshi.

"Mama, hiki usikiguse. Kina ukoga wa miaka mia."

Wapenda shaba huita hivyo utando wa kijani unaoota juu ya shaba ya kale. Lakini kwa mwanamke aliyelea watoto saba, ukoga una makazi mamoja tu: menoni. Mama mkwe alichungulia kinywa kile, akaona mkwe wake anaona haya kuomba msaada. Akatafuta mswaki. Na kwa kuwa hakupenda upendeleo, akaanza na vile vyombo vinne vingine.

Jioni fundi alikuta beseni la maji ya kijani na vyombo vinne vinavyong'aa kama vijiko vipya. Simba bado alikuwa anasuguliwa.

"Huyu mbishi, mwanangu," mama mkwe alilalamika. "Dawa ya meno imeisha, na hata jino moja halijatakata."

Fundi hakuwa na moyo wa kumwaga yale maji. Kesho yake mtaalamu alichovya kidole besenini, akanusa, akasema ni rangi ya dukani. Kisha akamgeuza simba huku na huku, lenzi jichoni. Akauliza nani kamsafisha. Fundi alikuwa anajiandaa kujitwika kosa, mama mkwe akamtangulia.

"Mimi. Ana ukoga."

"Anao kweli, mama. Na ndio unaonipa imani. Wa kupaka ungetoka kama wa wenzake. Huyu ni mzee kuliko sisi sote humu."

Mke alivihamisha vile vinne, akapanga vitambaa rafuni, akamwachia simba nafasi yake, akatazama, akasogeza tena kidogo, ikapatikana nafasi ya simba wawili.

Jumamosi fundi alikwenda mnadani kumtafutia simba mwenzake. Mbele yake alitangulia mama mkwe, mswaki mkobani.