Nusu Futi ya Maji

Hadi leo nikikumbuka swali lile damu hunichemka. Bwawa la kuogelea lina urefu wa futi hamsini, upana wa futi ishirini na kina cha futi sita. Likijaa, lina maji kiasi gani?

Nilikuwa darasa la saba, katika shule ya mabati upande wa Nyeri, miaka michache baada ya uhuru. Mtihani wenyewe ulikuwa wa shuleni tu, lakini mwalimu wa hesabu alikuwa ametangaza kwamba atakayeanguka hataandikishwa kufanya ule wa taifa. Baba naye alikuwa ametangaza lake: msichana akiambiwa arudie darasa, basi shule imekwisha, abaki nyumbani achume kahawa. Nilijua vizuri ninapigania nini.

Bwawa la kuogelea sikuwa nimewahi kuliona. Nilichokijua ni debe. Kila alfajiri nililibeba mgongoni kutoka mtoni, ukanda wa ngozi ukinikata kipaji cha uso, nikipanda mlima miguu mitupu. Debe halijazwi hadi ukingoni. Mama alinifundisha hilo mapema: acha nafasi ya kiganja, weka majani juu maji yasirukeruke, la sivyo yatakumwagikia shingoni ufike umelowa na debe ni nusu. Debe la namna hiyo ndilo tuliloliita limejaa, na sikuwahi kumsikia mwanamke akibisha.

Basi niliwafikiria watu wakiruka ndani ya bwawa, nikayaona maji yakimwagika. Nikapunguza nusu futi, maana bwawa ni kubwa kuliko debe. Hamsini mara ishirini mara tano na nusu: futi za ujazo elfu tano na mia tano. Niliandika jibu lile kwa raha kabisa.

Mwalimu aliniita mbele ya darasa.

"Ati nani alikuambia upunguze maji?"

"Mwalimu, ikijaa mpaka juu, itamwagika watu wakiingia."

Darasa zima likaangua kicheko. Alinichapa viboko viwili mkononi, akaniandikia sifuri kwa wino mwekundu. Alama za swali hilo moja ndizo zilizonipungukia.

Na yeye pia bwawa hakuwa ameliona! Alituchorea sanduku ubaoni, akalitia hata kifuniko. Tena kila Ijumaa sisi wasichana tulimpelekea maji nyumbani kwake, kila debe likiwa limepungua kiganja kimoja, na mke wake akayapokea. Ya kwake mwalimu hakuwahi kusema hayajajaa.

Mama alimsihi baba, akamsihi tena. Baba hakubadili neno. Nilichuma kahawa mwaka huo na miaka mingine baada yake, na wenzangu waliofaulu walipopita njiani na sare mpya za sekondari, nilijificha katikati ya mibuni hadi wapotee.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi ya kufua taulo katika hoteli moja ya watalii mjini Nyeri. Siku ya kwanza nilitumwa kupeleka taulo bwawani. Nilisimama kwanza nikatazama, kisha nikapiga magoti, nikasimamisha mkono kati ya ukingo na maji. Uliingia wote, kiganja na vidole. Nusu futi.

Mzee aliyetunza bwawa akaja mbio.

"Wewe, unatafuta nini hapo?"

"Mzee, hii maji imejaa?"

"Imejaa. Kwani unataka niongeze? Itamwagika watu wakiingia."

Yalikuwa maneno yangu yale yale. Yeye alikuwa akilipwa mshahara kwa kuyajua. Mimi yalinitoa shuleni. Nililia pale pale kwa hasira, taulo za wageni zikiwa begani, na mzee wa watu akakimbia kuniletea maji safi, akidhani dawa ya bwawa imeniingia machoni.