Hakimu Dunguni kwa Veneranda

Mdogo wangu Veneranda alikuwa amegoma kula, na huku ananyonyesha. Mumewe, Kalisti, ndiye aliyenifuata Morogoro, miaka ile ya tisini, matope mpaka magotini. "Shemeji, maziwa yanakauka. Mimi hanisikii kabisa. Twende."

Kosa lake nini? Alisinzia dunguni. Mpunga ukikaribia kuiva, watu wa kwetu huhamia mashambani ng'ambo ya mto Kilombero, wakajenga dungu, kichanja kirefu cha miti, na kushinda juu yake wakiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Homa ilimlaza kidogo tu, ndege kwelea wakashuka, wakala shamba lake na kipande cha jirani. Tangu hapo akawa anaamia la jirani bila kupumzika, na chakula hagusi, anajiadhibu.

Baada ya Kidatu basi likakwama matopeni, nami najisuta: dada gani wewe, hukumtembelea mapema! Bahati nilikuwa na dawa. Kwenye semina ya parokia, mtawa mmoja alitufundisha aina tisa za watu. Mtu wa aina ya kwanza, alisema, ana hakimu kichwani asiyelala. Akaongeza jambo alilojifunza kwa Wabudha alipofanya kazi Asia: hakimu huyo usigombane naye, mtambue tu, kisha ujitakie heri mwenyewe kabla ya kuwatakia wengine. Tuliguna. Sisi Wakatoliki na Budha wapi na wapi? Lakini aina ile ilikuwa Veneranda mzimamzima.

Kivukoni tulikuta mto umefurika, pantoni imesimama. Kalisti akaazima mtumbwi, akashika kasia mwenyewe. Maji yalitusukuma pembeni nikapiga kelele. "Shemeji, tulia, utatuzamisha!" Nilifumba macho mpaka ng'ambo.

Alasiri tukafika shambani. Veneranda alikuwa juu, macho yamezama, mtoto mgongoni akilia kwa sauti ndogo mno. Niliogopa kuliko mtoni.

"Shikamoo dada."

Marahaba yenyewe sikuimalizia. Nikapanda, nikammwagia aina zote tisa. Alinisikiliza kwa adabu.

"Kumbe hata aina yangu ni mbaya," akasema.

Lo! Safari yote ile, nimekuja kumwongezea hakimu fimbo.

Kalisti akatupandishia sahani ya wali na samaki kutoka kwa jirani, iliyokuwa ikiletwa kila siku na kurudi imejaa. Veneranda akageuza uso. Hasira zikanipanda. "Ningekuwa mimi nimelala kwa homa, ungeninyima?"

"Wewe dada! Ningekupikia uji kwanza."

"Basi na wewe ni mtu!"

Akanigeukia. "Umekula lini?"

Nikakiri. Tangu Morogoro nilikuwa nimejiapiza sitakula mpaka yeye ale.

"Kumbe nawe ni aina ya kwanza," akasema, machozi yanamtoka, akamega tonge. "Kula. Nami nakula."

Tukala. Ndege wakashuka, Veneranda akapaza sauti, "Hoiii!" wakaruka.

"Kesho huyo hakimu atanisema tena," akasema.

"Na ndege je? Unawachukia?"

"Wana njaa tu. Nawafukuza. Wakirudi nawafukuza tena."

Niliondoka maziwa yaliporudi, siku mtoto alipolia kwa nguvu mpaka jirani akalalamika. Katikati ya mto, hakimu wa kichwani mwangu akaanza: dada gani wewe, unamwacha upesi hivi!

"Hoiii!" nikapiga ukelele.

Kalisti akasimamisha kasia. "Shemeji, unaamia nini huku majini?"