Viputo Vilivyolala Kwenye Friza

Wasiwasi ulioninyima usingizi mwanzoni mwa kazi yangu ya maabara Ifakara ulikuwa huu: viputo vyetu vilitobolewa na dawa ya Bibi wa kijiji cha Mchombe, au na friza yetu wenyewe?

Niwaeleze vijana, maana vifaa vimebadilika. Miaka ile ya tisini, kabla ya kujaribu dawa kwenye seli hai, tulitengeneza mfano wa utando wake. Tulikausha mafuta yaliyosafishwa ya kiini cha yai yakawa ngozi nyembamba ndani ya chupa, tukatia maji yenye rangi inayong'aa, tukatikisa. Mafuta hayo hujipanga yenyewe kuwa viputo vidogo mno, liposomu, ila vyenye maganda mengi kama kitunguu. Ukivisukuma tena na tena kwenye kichujio cha matundu madogo sana, vinabaki na ukuta mmoja wa tabaka mbili za molekuli, kama wa seli. Ukuta ukitoboka, rangi huvuja, na kipima mwanga kinaiona.

Dawa ya Bibi, majani aliyowachemshia watoto wenye homa, ilivujisha rangi vibaya.

Lakini umeme ulikatika ovyo, na desturi ya maabara ilikuwa kutia friza kila kitu cha thamani, kwa kuwa friza hukawia kupoteza baridi. Viputo visivyotiwa dawa tulivipima vikiwa vipya. Vya kutiwa dawa vililala kwenye friza kwanza. Nikagandisha vichache bila dawa, nikaviyeyusha. Vikavuja. Barafu huchana ukuta.

Nikinyamaza, Bibi ataaibishwa kwa kosa la barafu. Nikisema, na kumbe dawa nayo inatoboa, watoto wataendelea kuinywa. Nilizunguka hapo hapo kama ng'ombe wa kupura mpunga.

Asubuhi Mkuu wa Maabara alikuwa tayari garini, aende Mchombe kutangaza kuwa dawa inadhuru kabla masika hayajafunga barabara.

"Shikamoo, Mkuu. Majibu yale hayasimami."

"Marahaba. Yamechoka?"

Nikamweleza habari ya friza. Akazima injini.

"Kwa hiyo dawa ni salama?"

"Sijui."

"'Sijui' si ujumbe wa kupeleka kijijini, kijana."

"Ndio tulio nao, Mkuu. Nitausema mwenyewe."

Akanitazama, akafungua mlango wa pili. "Panda. Wakikufukuza, mimi sishuki."

Nimestaafu sasa, na wasiwasi sikuukabidhi pamoja na funguo za ofisi. Nilichojifunza ni kwamba unaweza kutembea nao.

Siku ile, Mchombe, nilimkuta Bibi anapepeta mchele uani. Alipoitikia shikamoo yangu hakuinua macho.

"Mmekuja kunikataza?"

"Hapana, Bibi. Tulikosea kupima. Kama dawa yako inadhuru au haidhuru, bado hatujui. Tutapima upya. Mpaka hapo tunaomba usiwape watoto. Wenye homa wapelekwe zahanati."

Ungo ukasimama.

"Yaani umesoma miaka yote hiyo, umekuja mpaka hapa kuniambia hujui?"

Miguu ilitaka gari. Nikachuchumaa mbele yake.

"Ndiyo, Bibi."