Bakuli la Kwanza la Sirili

Sirili wa Kibosho ndiye aliyechinja mbuzi wa kila harusi niliyokula mimi. Watu husema alimwangusha beberu kwa kumtazama tu. Uongo. Nilikuwepo; alimtazama mara mbili. Damu aliikinga pasipo kumwaga tone, akapika kisusio, supu yetu ya damu, na bakuli la kwanza likaenda kwa mwanamume mkubwa wa ukoo. Ndivyo ilivyo kwetu.

Miaka ile kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi, tumbo likamlaza hospitali Moshi. Kongosho, daktari alisema, limevimba na linajila lenyewe. Siku moja akatapika damu kidogo. Mkewe Veronika akapanda nyumbani mbio kumpikia mlaso, damu ya mbuzi kwa maziwa na siagi, chakula cha mzazi. Aliporudi na chupa, mumewe alikuwa ametapika tena, nyingi, amepoa kama jiwe la mtoni.

"Sista, damu imemtoka, namrudishia," Veronika akamwambia muuguzi.

"Mama Jovin, utammaliza! Mafuta yatamchochea kongosho. Hata maji hapewi."

Daktari akatugeukia sisi ndugu. "Kongosho limekula mshipa. Tutampasua tuufunge, lakini bila damu yenu atafia mezani."

Tukatazamana. Siku hizo damu ilipimwa UKIMWI kwanza, na kila mwanamume aliogopa atakachoambiwa. Leodegar, kaka mkubwa wa Sirili, akasema kifua kinambana.

"Shemeji," Veronika akasema, "mbuzi hakuulizwa, akatoa. Wewe unaombwa."

Akaweka chupa chini, akakunja mkono wa gauni, akatangulia. Leodegar akamfuata, akapiga kelele kabla sindano haijamgusa. Rombo walisikia.

Wakampasua. Tulikaa kwenye majani nje na rozari. Hata mimi sikuwa na hadithi. Jua lilipoinama daktari akatoka, vazi la upasuaji lina madoa: mshipa umefungwa, anapumua.

Krismasi Sirili alichinja, akiwa mifupa mitupu. Mwenyewe hakuonja. Leodegar akanyoosha mkono, kama haki yake. Sirili akampita, akampa Veronika bakuli la kwanza.

Wazee wakaguna.

"Damu hiyo ni ya mbuzi," Sirili akasema. "Ya kwake ninayo mimi."

"Na yangu je?" Leodegar akauliza.

"Yako ndiyo inanifanya nilie nikiona sindano."

Veronika akanywa polepole, kisha akampa Leodegar bakuli.