Niliapa Mimi, Akaenda Deo

Siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na leo nimeikumbuka kwa sababu yenu. Nimewasikia vijana mkibishana kando ya redio, kwamba majirani zetu wanapigana tena, na nchi yetu ipeleke jeshi likawasaidie wale walio rafiki zetu. Mmoja wenu akasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mlisema vizuri, maana mdomo hauchoki.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, watu walipovuka mpaka wakajaa Ngara hii hadi vilima vikakosa kuni. Hapa Kibimba tulimpokea mmoja nyumbani kwetu, jina lake Melkiori, kijana wa rika langu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Malaria iliponiangusha, alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha, na mimi sikuwa mtu mwepesi. Nilipopona niliona kumshukuru kwa maneno matupu ni uchoyo. Nikamwambia tunywane.

Kunywana ninyi hamkujui. Ni undugu wa kuchanjiana, na padri alikwisha kutukataza, kwa hiyo tulijificha migombani kama wezi, na shahidi mmoja tu, mdogo wangu Deo. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, damu ikadondoshwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mtu akanywa ya mwenzake. Kisha mnaapa. Wazee waliapa kwa mipaka: nitakulisha, nitakuficha, nitawalea watoto wako. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na rubisi imeshapanda kichwani. Nikaapa, "Adui yako ni adui yangu. Vita vyako ni vita vyangu." Nilijiona mwanamume kweli.

Shangazi yangu Yustina, dada mkubwa wa baba, alipopata habari alikuja na fimbo yake. Hata shikamoo hakuniacha niimalize.

"Huyo adui yake unamjua?"

"Simjui, shangazi."

"Amekukosea nini?"

Nikamsogezea kigoda.

"Mjinga wee! Ukimpa mtu chakula unampa cha kwako. Ukimpa vita, unampa cha nani?"

Nilicheka moyoni, nikidhani ni uzee unaosema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini guu langu ni zima mpaka leo, mwanangu. Aliyevunjika ni mwingine.

Mwaka haujaisha, vijana wa kule walianza kukusanyika ili warudi kwao na bunduki. Melkiori alinifuata shambani. Hakunilazimisha, lazima nimtendee haki. Alisema tu, "Ndugu yangu, ahadi ni deni." Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikatazama chini, nikaanza kuzungumza habari za kahawa na mvua, na Deo, aliyekuwa akilima kando yangu, akaiona aibu yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Damu yako ndiyo yangu, kaka," akasema. "Acha niende mimi."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kumwambia Melkiori kwamba niliapa ujinga, anisamehe, na naamini angenisamehe. Badala yake nilimpa Deo viatu vyangu, nikamwambia awe mwangalifu. Kisha nikarudi kupalilia, na ndani yangu nilifurahi kwamba si mimi. Hilo sijawahi kumwambia padri yeyote. Nakuambia wewe.

Deo hakurudi. Melkiori alituma habari kwamba ameanguka ng'ambo ya mto, na kwamba walikimbia bila kumzika. Mama aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na kila jioni alimpakulia Deo chakula. Shangazi Yustina hakunigombeza tena kwa jambo lolote, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Miaka ikapita. Kule kwao wakachoka kuuana, wakubwa wakakaa meza moja wakagawana vyeo. Siku ile ninayoikumbuka nilikuwa Lusahunga, nauza ndizi kwa watu wa malori, nikasikia naitwa, "Ndugu yangu!" Alikuwa Melkiori, amenenepa. Akanikumbatia, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kando yake alisimama mtu mrefu, mpole, mdogo wetu kwa umri. Lori lilikuwa lao wote wawili.

"Huyu," Melkiori akasema, "ndiye aliyeongoza wale tuliopigana nao pale mtoni. Sasa tunafanya biashara pamoja."

Yule mtu akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mzee."

Nilitafuta chuki moyoni nikaikosa. Hakuwa amenikosea kitu, wala siku ile ya kuapa hakuwa amenikosea. "Marahaba," nikajibu. Akachagua mikungu minne mizuri, nikamuuzia.

Sikuambii, mwanangu, kwamba nchi ifungwe mikono. Adui alipoingia Kagera yetu tulimtoa, na hatukuhitaji kiapo cha mtu. Anayekimbia akibisha hodi, mfungulie. Majirani wakigombana, nenda ukawapatanishe, hata mara kumi, hata wakutukane. Lakini vita vya rafiki usiviapie, kwa maana yeye atapatana na adui yake siku anayotaka, wala hatakuja kukuomba ruhusa. Na wale wanaoapa kwa jina la nchi, waulizeni atakwenda nani. Wakitaja mtoto wa mtu mwingine, wakatalieni mchana kweupe. Mimi hakuna aliyenikatalia, na nimekula ndizi zangu kwa amani miaka yote hii, na nazichukia.

Mungu akupe ulimi mzito wa kuapa na mkono mwepesi wa kupokea wageni. Akuzeeshe katika shamba lako. Na ndugu zako, mmoja mmoja, akujalie kujua kila mmoja amelala wapi.